Uzi: Tupeane uzoefu wa kukarabati na kupamba nyumba kwa vitu tulivyonavyo

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu. Maswali mengi ya watu wanaotaka nyumba isiyoharibu mazingira huanza na kununua: rangi gani, taa gani, meza ya mianzi au ya mbao. Naomba tuanzie upande wa pili. Ile meza inayoyumba, mlango unaokwaruza sakafu, kiti kilicholegea miguu, vyote hivyo vilishakula miti, moto wa kiwanda na mafuta ya usafiri. Gharama hiyo mazingira yalishalipa. Kila mwaka unaokiongezea kitu maisha, ni mwaka ambao hakuna kingine kinacholazimika kutengenezwa kwa ajili yako.

Kwa hiyo hapa tusitangaze bidhaa. Eleza kitu ulichokiokoa wewe mwenyewe, ulivyofanya, na kilivyokaa baadaye. Eleza kwa undani ili mwingine aweze kufuata.

Naanza na viti. Nilirithi viti vya mbao ambavyo ukikaa vinalia na kuyumba. Mbao zenyewe nzima kabisa, tatizo lilikuwa kwenye viungo tu. Watu wengi wakiona hivyo hupiga misumari, na msumari ndio unaokuja kupasua mguu. Mimi nilibandika utepe wenye namba kwenye kila kipande, kisha nikavigonga taratibu kwa nyundo nikiwa nimetanguliza kipande cha mbao laini ili pasipate kovu. Vilipoachana nikatazama ndimi za viungo, yaani zile ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu. Gundi ilikuwa ya rangi ya kahawia, inayong'aa na kukatika vipande vipande. Hiyo ni gundi ya zamani ya ngozi na mifupa ya wanyama, na uzuri wake ni kwamba hulainika kwa maji ya moto. Kitambaa kilicholowa maji ya moto kiliitoa yote. Kama kiti chako kimetengenezwa kwa gundi ya kisasa, utaikwangua kwa patasi mpaka uone mbao, kwa sababu gundi mpya hushika mbao, haishiki gundi iliyokwisha kukauka. Msasa uutumie kidogo sana hapo, maana ukipunguza ulimi kiungo kinalegea zaidi.

Ndimi nyembamba nilizizungushia maranda mapana yaliyopakwa gundi, zikaingia kwa kubana. Jiriwa, kile kifaa cha kubania mbao, sikuhitaji. Nilifunga kamba kuzunguka miguu, nikapenyeza kijiti katikati ya kamba na kukizungusha mpaka ikakaza. Kabla gundi haijakauka, weka kiti kwenye sakafu iliyonyooka, uhakikishe miguu yote minne imegusa. Kiache siku nzima ndipo ukalie.

Viti havilii tena. Karibuni.

Ukuta Mkavu

Asante kwa kuanzisha huu uzi. Mimi nitaongelea ukuta wenye unyevu.

Chumba cha nyuma kilikuwa kinaota ukungu chini ya dirisha. Kila kikipakwa rangi ya plastiki, baada ya muda inatokea malengelenge na kubanduka. Sababu ni kwamba unyevu ulio ndani ya ukuta unatafuta pa kutokea, na rangi ile ni utando unaouziba. Nilianza nje: udongo ulikuwa umerundikana juu ya msingi na kugusa lipu, nikauondoa, na mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji ukutani nikauziba panapovuja. Hapo usiparuke. Hakuna rangi yoyote duniani inayotibu maji yanayoendelea kuingia.

Ndani niliikwangua rangi yote ya zamani mpaka kwenye lipu, halafu nikapaka chokaa. Chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki wala ya mafuta, kwa hiyo kazi ya kukwangua haikwepeki. Unga wa chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, unauchanganya na maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa, unauchuja kwa kitambaa, unalowesha ukuta kwanza, ndipo unapaka. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa, unaona kama umepaka maji. Tulia. Weupe huja kadiri inavyokauka. Acha siku moja, lowesha tena, paka tena. Mikono myepesi mingi hudumu kuliko mmoja mzito, kwa sababu ukipaka nzito inapasuka na kukuachia unga mkononi.

Ninavyoipenda chokaa! Mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 za selsiasi na kutoa hewa ukaa. Ikishazimwa na kupakwa, hunyonya tena sehemu ya hewa ile kutoka chumbani na kurudi kuwa jiwe, pale pale ukutani. Na kwa kuwa ni kali, ukungu haupendi kuota juu yake. Ukali huohuo unaunguza macho na ngozi, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na glavu, na watoto wakae mbali mpaka ikauke.

Ukitaka rangi, tumia ile ya udongo, mfano udongo mwekundu wenye kutu ya chuma. Rangi nyingi za nguo huuawa na chokaa.

Koki

Langu fupi. Kabla hujapamba chochote, sikiliza bomba lako usiku. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Kwenye koki za kuzungusha, mara nyingi mbaya ni washa tu, kile kimpira cha ndani. Funga maji ya nyumba nzima, fungua koki kwa spana, toa washa ya zamani uende nayo dukani ili upate saizi ileile. Usitupe koki nzima kwa sababu ya kimpira.

Chooni nako: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji, subiri dakika 10. Rangi ikionekana chini kwenye sinki la choo, mpira wa kuzibia umechoka. Hilo ni vujio lisilo na sauti na watu huishi nalo miaka.

Mbao za Pili

Nimetengeneza rafu na kitanda cha mchana kwa mbao za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Ni mbao nzuri, lakini naomba kila mtu asome muhuri kabla ya kuingiza paleti ndani. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa alama ya kuonyesha zilivyouliwa wadudu. HT ina maana zimepashwa joto, mpaka kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Hizo chukua. MB ina maana zimefukizwa methaili bromaidi, gesi ya sumu ambayo pia inaharibu tabaka la ozoni. Hizo waachie walio nazo, usizirande wala kuzichoma. Na yenye doa la mafuta au harufu usiyoielewa, hata kama ni HT, iache. Hujui ilibeba nini.

Misumari yake usiing'oe kwa nguvu, mbao zitapasuka. Penyeza ubapa wa msumeno wa kukatia chuma kati ya mbao na mbao, ukate misumari palepale.

Mgeni wa Kazi

Jamani, hongereni. Nina swali. Nimepata kabati la zamani sana, lina rangi tabaka juu ya tabaka, nataka kulipiga msasa liwe la chumba cha mtoto. Nianze na msasa namba ngapi?

Brashi

Dada, usianze na msasa wowote. Mimi ni fundi rangi, na hili nalisema kwa uzito: rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na zipo nchi zilizochelewa zaidi. Ukipiga msasa mkavu unaigeuza vumbi, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa na kutia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo.

Tafuta kipimo cha risasi kwanza. Kama ipo na huwezi kumpata mtaalamu, kabati hilo lisiwe la mtoto. Rangi iliyoshika vizuri, isiyobanduka, ni afadhali kuifunika kwa rangi mpya kuliko kuikwangua. Na kuichoma kwa moto kusifikiriwe kabisa, moshi wake ni sumu vilevile.

Mgeni wa Kazi

Nimeelewa kaka. Nalisogeza stoo mpaka nipime. Ahsante sana.

Sindano

Mapazia ya zamani yanatoa foronya nzuri za mito ya sofa, ila kitambaa ukiinue kwenye mwanga kabla ya kukata. Sehemu iliyokuwa ikipigwa na jua, hasa kwenye mikunjo, nyuzi zake huwa zimekufa hata kama rangi inaonekana. Vuta kwa vidole viwili. Ikichanika, kata hapo uitupe pembeni, utumie upande uliokuwa kivulini.

Mbao za Pili

Mwanzisha uzi, vile viti ulivimalizia na nini? Vanishi?

Mwanzisha uzi

Hapana mkuu, mafuta ya kitani. Yanaingia ndani ya mbao, na yakichakaa unaongeza mengine bila kukwangua kitu. Unapaka kidogo, unasubiri yanywewe, unafuta yote yaliyobaki juu, maana yakibaki yananata. Yale mabichi huchukua siku nyingi kukauka. Yanayoandikwa kwamba yamechemshwa hukauka upesi, ila mara nyingi huwa yametiwa kemikali za kukausha, kwa hiyo soma lebo.

Matambara uliyofutia usiyakunje wala kuyarundika. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

Kuna aliyewahi kubadilisha mikanda ya chini ya sofa? Yangu imelegea, fremu bado imara, nataka kujua mliikaza kwa kifaa gani.