Naomba ushauri: nichague kazi ya maktaba au ya bwalo?

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na kwa kuwa mkopo wangu unatosha ada peke yake, niliomba kazi hapa hapa chuoni ili nijilipie malazi na vitabu. Nimepewa nafasi mbili: kupanga vitabu maktabani jioni, ambako ukishavirudisha vyote kwenye rafu unaruhusiwa kujisomea, au kuosha vyombo bwaloni, ambako malipo ni mazuri zaidi lakini zamu ya asubuhi hugongana na vipindi vya maabara, navyo ukivikosa havirudiwi. Moyo unaelekea maktabani, ila mfuko unakataa. Mliosoma huku mkifanya kazi, je, msimamizi hukubali kupunguza zamu wakati wa mitihani akiombwa mapema?