Kofia ya bibi imebaki nusu: niimalizie au niiache?

BintiLangoni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina jambo linanikosesha usingizi, na hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Bibi yangu alifariki mwaka juzi, Mola amrehemu. Mwezi uliopita tulifungua kasha lake tukagawana vilivyomo. Wenzangu walichukua bangili na doti za leso ambazo hazijakatwa. Mimi nikabeba furushi ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani mna foronya nne za bafta nyeupe alizozidarizi kwa mkono: maua mekundu, majani ya kijani, na katikati "Lala Salama", ile L ya kwanza imepinda kama ndoana. Nilipozigeuza upande wa nyuma sikuona fundo hata moja. Nyuma safi kama mbele! Nilikaa nazo chini nusu saa nzima, chai ikapoa.

Chini kabisa mna kofia ya vito, ile inayodariziwa vitundu kwa mkono, ambayo hakuimaliza. Kipande cha mzunguko kimepita nusu, vitundu vimejipanga kama vimepimwa kwa rula. Kile cha juu kimechorwa penseli tu. Sindano bado imechomekwa pale pale alipofikia, mkia wa uzi unaning'inia. Imeshika kutu na kuacha doa la hudhurungi, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Foronya zimegeuka manjano, na sijui nizioshe vipi zisiharibike. Lakini kofia ndiyo iliyonileta hapa. Mmoja ananiambia nimpe fundi wa cherehani aimalizie, mwengine anasema niitie kwenye kioo niitundike ukutani. Bibi alinifundisha kudarizi barazani, baada ya alasiri, nikiwa darasa la tano. Nikaacha. Sasa mdogo wangu anaoa baada ya Maulidi, na moyo wangu unataka aingie nikahi na kofia hii. Nifanyeje?

FundiCherehani:
Mimi nala kwa cherehani, na nakwambia usiniletee. Cherehani itapiga mshono sawasawa, lakini si huo. Kitundu cha mkono kina unene wake, uzi umezungushwa mara nyingi hadi ukingo ukasimama. Ukiunganisha nusu ya bibi na nusu ya mashine, mtu ataiona tofauti toka kule kijijini Shela.

MamaForonya:
Dadangu, anza na foronya, kofia ingojee.

Kabla ya chochote jaribu rangi. Lowesha kipande cha pamba nyeupe, kikandamize juu ya ua jekundu kwa dakika moja au mbili. Kikitoka na wekundu, usiloweke, maana nyekundu za zamani zina tabia ya kukimbia na zitakuachia foronya ya waridi. Kikitoka safi, tia foronya kwenye beseni la maji baridi matupu, uziache. Utayaona maji yanageuka rangi ya chai, huo ni uchafu wa miaka na wanga uliopigiwa pasi. Mwaga, tia mengine, hadi yatulie. Ndipo utie sabuni ya maji isiyo kali, kama ya nguo za mtoto mchanga. Usisugue wala kukamua. Ukizitoa, zibebe kwa viganja viwili, maana pamba kuukuu ikilowa huchanika kwa uzito wake yenyewe. Zikunje ndani ya taulo likanyonya maji, kisha zitandaze kivulini.

Pasi piga upande wa nyuma, foronya ikiwa juu ya taulo nene. Maua yatainuka, utadhani yameshonwa jana.

Na dawa ya klorini ya kung'arishia usiikaribishe kabisa! Inakula nyuzi, na penye kutu inalizidisha doa badala ya kuliondoa. Mimi niliunguza kitambaa cha meza cha mama mkwe kwa njia hiyo. Hadi leo nikienda kwake naketi mbali na meza.

Mpwani_Mkavu:
Za bibi yangu mimi nilizifanya za kupangusia vumbi. Nilikuwa mdogo, sikujua. Nimesoma uzi huu nikafunga simu kidogo.

MpendaVyaKale:
Mie napinga kuimalizia. Kofia zilizokamilika ziko tele madukani. Iliyosimama na sindano ndani ni moja tu duniani, na ukiimaliza umeifuta. Ihifadhi, ila si kwenye kioo kinachopigwa na jua, uzi utapauka. Wala si kwenye mfuko wa nailoni, kwa unyevu wetu huu itaota koga. Ifunge ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, ndipo uirudishe kasha­ni. Isigusane na mbao, mbao nazo zinatoa asidi inayogeuza kitambaa manjano. Bila shaka hapo ndipo foronya zako zilipopatia rangi hiyo.

FundiCherehani:
@MpendaVyaKale kofia ni ya kichwa, si ya makumbusho.

MpendaVyaKale:
Na ikichafuka jasho siku ya arusi?

FundiCherehani:
Itakuwa imevaliwa.

MdariziMalindi:
Nyinyi wawili pigeni foleni. Mimi nasemea uzi. Usinunue uzi wowote kabla ya kuosha, kwa sababu ule wa bibi ukishaoshwa utang'aa zaidi ya unavyouona sasa, na ulionunua hautafanana. Nenda nayo dukani mchana, toka nje mlangoni ulinganishe kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zinadanganya.

Ukitumia DMC, ile chapa ya nyuzi za kudarizi, kila uzi una nyuzi sita ndani yake, unazitenganisha. Kwa vitundu vidogo tumia moja, zikizidi ni mbili. Nyeupe zao ni zaidi ya moja: ile B5200 ni nyeupe ya theluji, itapiga kelele kando ya uzi wa zamani. Jaribu Blanc, au Ecru ambayo ina umaziwa kidogo. Usitumbukize uzi mpya kwenye chai ya rangi ili uonekane wa kale, kama wanavyofundisha kwenye video. Chai inaudhoofisha.

AmiWaMkomani:
Waalaykum salaam mwanangu. Mimi ni mwanamume na nimeshona kofia tangu ujana wangu, msidhani hapa Amu (Lamu) kazi hii ni ya wanawake pekee. Sasa mato yamechoka, nashona mtana tu, dirishani.

Sindano usiivute kwa nguvu. Kwanza toa uzi kwenye tundu lake, uwate mkia kama ulivyo. Kisha izungushe polepole kwa vidole huku ukiisukuma mbele, ndia ile ile aliyokuwa akienda nayo. Ikikataa, ikate kwa koleo, uitoe vipande viwili. Kutu ina meno, ukiirudisha nyuma itararua.

Doa lipake mai ya ndimu na chumvi, uliweke juani kidogo, kisha osha sana, sana, ndimu isibaki. Mai ya kisima chetu yana chumvi, tumia ya mvua.

Vitundu mimi sikati kwa mkasi. Natoboa kwa msumari mwembamba nilionoa mwenyewe, nyuzi za kitambaa zisogee zisikatike, halafu nauzungusha uzi nikiuvuta kwa nguvu moja. Hiyo nguvu ndiyo mkono wa mtu. Wa bibi yako huuwezi, wala usiuige, utajichosha bure. Shona kwako. Lakini anza kwenye kitambaa kingine, vitundu mia, ndipo uiguse yake. Mimi kofia moja hunitwaa karibu miezi mitatu, kwa hivyo hesabu Maulidi yako vyema.

BintiLangoni:
Nawashukuru wote, na wewe Ami zaidi. Nimerudi na habari.

Foronya tatu zimetoka nzuri. Ya nne wekundu ulitoka kwenye pamba, nimeiacha na umanjano wake. Sindano ilitoka baada ya kuizungusha kama robo saa, mikono ikinitetemeka. Doa nilishalikamulia ndimu tayari, kisha nikasita kulipaka. Mwisho ndimu ile niliitia kwenye samaki. @MpendaVyaKale, hilo doa nimekuachia wewe.

Vitundu mia nimepiga kwenye kipande cha shuka. Nakaa barazani baada ya alasiri, simu naiacha ndani, na adhana ya magharibi inanikuta sijui saa zimeendaje. Jana nikaigusa kofia. Kitundu cha kwanza kando ya cha bibi nilikifumua mara nne. Cha tano kimekaa, ila ni kikubwa kidogo kuliko vyake. Mdogo wangu amekitafuta kwa dakika nzima, akakiona.

Nimekiacha hivyo hivyo. Ami, cha pili nianzie kulia au kushoto?

AmiWaMkomani:
Kushoto. Na usiku itoe sindano.