Bastola ya milimita tisa: ya bei chee au ya bei mbaya? Watu wa Kusini tujadili

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, hasa nyie wa huku kwetu Mtwara, Lindi, Masasi, Newala mpaka Liwale huko. Msimu wa korosho unakaribia na watu wa maghala, wa maduka ya jumla, wa mabasi, wameanza tena kuulizana habari za bastola, na kila kijiwe nikikaa kuna mtu anasema ukitaka silaha nunua ya bei mbaya, yaani ya ghali, la sivyo itakugomea siku ya siku. Mimi napinga. Nasema kwenye hizi za milimita tisa pesa inanunua uhakika mpaka mahali fulani tu, ukivuka hapo unalipia mng'ao, triga laini na jina.

Bei natumia za Marekani maana ndiko soko liko wazi, hapa mpaka mzigo ufike na vibali vyake hesabu inakuwa nyingine kabisa. Kule Hi-Point C9 ni kama dola 200. Taurus G3C ya Mbrazili inacheza 250 hadi 300. Canik za Mturuki kwenye 400. Glock 19 ni 500 na kitu mpaka 600. SIG P226 inavuka 1000, na Staccato wao ni zaidi ya 2000. Na zote zinakula risasi ileile ya 9x19, yaani upana milimita 9 na ganda urefu milimita 19, ambayo Mwaustria Georg Luger aliitoa mwaka 1902. Sasa nielezeni, ya dola 2000 inafanya kazi gani ambayo ya 500 haiwezi, kwa mtu anayefunga duka saa mbili usiku pale Shangani, Mtwara? Ile ya 2000 imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshindana kulenga kwa sekunde. Wewe unashindana na nani?

Kangomba Mstaafu

Mkuu umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Chukua pikipiki, mtu kanunua ya bei chee akaifurahia barabara ya Mtwara mjini, siku kaipeleka Tandahimba na magunia mawili ndio kajua kwa nini mwenzie aliongeza pesa. Na silaha hivyohivyo. Hao Taurus unaowataja walishtakiwa Marekani kwa sababu baadhi ya bastola zao za zamani, zile za PT, ilidaiwa zikianguka zinaweza kufyatuka zenyewe. Mwaka 2015 wakafikia makubaliano na waliowashtaki, bastola zinazohusika karibu milioni moja, ingawa wenyewe hawakukubali kosa. Sasa hiyo ndiyo unataka mtu aichomeke kiunoni apande nayo bodaboda? Bei chee ina sababu zake bwana.

Mleta mada

Kesi ya Taurus naijua na wala siikatai, ila usiishie njiani. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua SIG P320 iwe bastola yake mpya, wakaiita M17. Jina kubwa, kampuni kubwa, jeshi kubwa. Haikupita hata mwaka, Agosti hiyohiyo 2017, kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho za raia bure, kwa sababu ilionekana P320 ikiangukia pembe fulani nayo inaweza kufyatuka. Kwa hiyo ugonjwa uleule, wa Brazil tumeuita ubovu wa bei chee, wa SIG tumeuita nini?

Na kuna kitu kitamu zaidi hapo. Kwenye ile zabuni ya jeshi Glock na SIG walibaki wawili, na SIG ilishinda kwa bei, tofauti yao kwenye hesabu za serikali ilizidi dola milioni 100. Yaani jeshi lenye pesa kuliko yote duniani nalo liliangalia mfuko. Halafu mfanyabiashara wa Masasi anaambiwa aongeze milioni kadhaa kwa ajili ya heshima.

Mstaafu wa Mikindani

Vijana salaam. Nimebeba silaha za serikali miaka mingi, sasa nalima na kuvua kidogo. Mnabishana juu ya bei wakati bastola haijui bei yake. Niwaambie inavyofanya kazi ndipo mbishane.

Glock, CZ, Canik, Taurus, hata hiyo SIG, zote zina utaratibu mmoja. Mtutu na slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, vimefungana, risasi ikilipuka vinarudi nyuma pamoja kidogo, presha ikishashuka mtutu unainama na kuachia, slaidi inaendelea, ganda linatoka, springi inairudisha na risasi mpya. Hi-Point haina kufungana huko. Slaidi yake ni ya aloi ya zinki, kubwa na nzito, na uzito huo pamoja na springi ndivyo vinavyoizuia isifunguke mapema. Ndiyo maana ni rahisi kuitengeneza na ndiyo maana ukiishika unahisi umeshika nyundo. Inapiga, wala sisemi haipigi, na kule kwao inauzwa na dhamana ya maisha. Lakini kubeba kutwa nzima kwa jua la Mtwara, hapana. Utaiacha nyumbani, na bastola iliyoachwa nyumbani ni ya mtoto au ya mwizi.

Kukwama sasa, maana nyie mnasema kujamu. Sehemu ya kwanza ya kuangalia ni magazini, kile kisanduku cha risasi. Midomo yake ikipinda kidogo tu au springi ikilegea, risasi inaingia kichwa juu au haiingii kabisa, na hapo hata ungekuwa na ya dola 2000 inakuwa chuma. Sehemu ya pili ni mkono wako. Hizi za plastiki ni nyepesi, ukizishika kiganja kimelegea slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda linabanwa mlangoni limesimama wima. Mtu anaitukana bastola kumbe ni kiganja.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kwetu sisi wa pwani, chumvi. Kuna mfanyabiashara mmoja, bastola yake ya gharama kweli, aliiweka kwenye mkoba wake wa ngozi ndani ya droo masika nzima. Nilikuwepo anaitoa. Kwenye slaidi kutu imemchorea vidole vyake, gumba huku, cha shahada kule, yaani mahali alipoishika mara ya mwisho na jasho. Risasi ndani ya magazini zimeota ukijani. Alivuta slaidi ikaja nusu ikagoma, akavuta tena ikabaki palepale. Ngozi inashika jasho na unyevu, msihifadhi silaha ndani ya ngozi. Wenye Glock wana nafuu kidogo maana chuma chao kinapitishwa kwenye moto na nitrojeni mpaka uso wake unakuwa mgumu, haushiki kutu haraka, ila springi na pini za ndani zinabaki vyuma vya kawaida, nazo zinataka mafuta.

Na mafuta yenyewe jamani sio ya nazi. Nimeona mtu kapaka ya nazi, yakaganda yakawa gundi. Ukikosa ya silaha, ya cherehani yanasaidia kwa muda, kidogo sana, halafu unafuta. Magazini ndani usimimine, mafuta yanaita vumbi, na yakipenya mpaka kwenye kiwashio cha risasi, kile kiduara cha kitakoni, unaweza ukafyatua ukasikia tiki tu.

Kangomba Mstaafu

Shikamoo mzee, hapo umetufundisha. Lakini mzee maneno yako yananipa mimi ushindi, maana hiyo nitrojeni si ndiyo pesa yenyewe?

Mstaafu wa Mikindani

Marahaba. Canik nao baadhi ya slaidi zao wanazipitisha kwenye dawa ya aina hiyo, na ni 400. Pesa ipo, ila sio ya 2000.

Mleta mada

Mzee kanisemea. Niongeze hesabu moja. Wazoefu wanasema bastola mpya ipige kama risasi 200 bila kukwama ndipo uiamini, na mle uchanganye zile za mazoezi na zile utakazobeba, maana kuna bastola inapenda risasi ya kichwa cha mviringo na kuikataa yenye kichwa kilichotobolewa. Tofauti ya Taurus na Glock kule kwao ni kama dola 300, na dola 300 ni karibu risasi 1000 za mazoezi. Nipe mtu mwenye Taurus aliyepiga 1000 na mtu mwenye Glock aliyepiga kumi, nitasimama nyuma ya wa kwanza bila kufikiri.

Kangomba Mstaafu

Hahaha hapo ndipo nilikuwa nakusubiri. Hizo risasi 1000 unazipiga wapi mkuu? Nyuma ya nyumba Chuno? Hapa kwetu risasi hununui kama mchele, unazonunua zinaandikwa, na ukilipua moja tu uani mtaa mzima uko polisi. Mmarekani anaweza kununua ya bei chee kwa sababu anaijaribu mwenyewe mpaka achoke, ikimkatalia anairudisha. Sisi hatuna nafasi hiyo. Kwa hiyo inabidi ununue ambayo wengine wameshakujaribia. Austria waliichukua Glock 17 mwaka 1982, tangu hapo majeshi na polisi nchi ngapi wameipiga kwenye tope, mchanga na barafu? CZ 75 ipo toka 1975. Hiyo historia ndiyo ninayolipia, silipii mng'ao.

Mleta mada

Hiyo hoja nzito na naipokea, kwa mtu asiyeweza kufanya mazoezi ya kutosha bora achukue kitu kilichokwisha kuchujwa na wengine. Lakini ona umeishia wapi, umeishia kwenye Glock na CZ! Hizo ndizo za katikati, na vipuri na magazini zake zinapatikana kuliko za wengi. Mada yangu ilikuwa bei mbaya, za 1000 kwenda juu. Umehamia upande wangu kimyakimya mkuu.

Wakala wa Newala

Kaka zangu mnapendeza mkibishana. Mimi ni mwanamke, nina kibanda cha uwakala na duka la vipuri, na pesa ninayolala nayo wakati wa msimu sio ndogo. Nilifikiria hiyo bastola. Unaanza kwa barua ya serikali ya mtaa, unakuja kata, unaenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, unajadiliwa kwenye kamati ya ulinzi na usalama, wanakuuliza unaitaka ya nini na utaiweka wapi, na wana haki ya kuuliza, sheria ya 2015 ndiyo hiyo. Ukipata, leseni unailipia kila mwaka. Nikajiuliza, nina watoto watatu ndani na dada wa kazi, kasiki lazima ninunue hata kabla ya bastola. Basi nikanunua kasiki lenyewe la kufungia pesa, taa kali nje, na nikaacha kulala na fedha nyingi. Siku hizi malipo ya korosho yanapitia chama cha msingi yanaingia benki, mnunuzi anayetembea na kiroba cha noti usiku ujue ni kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, samahani ndugu hapo juu kwa jina lako.

Kwa hiyo kabla ya chee au mbaya, mjibuni mtu kwanza kama anaihitaji. Jambazi akikuwekea panga shingoni bastola iko mkobani, ya dola 300 na ya dola 3000 ni sawasawa. Na akiondoka ataondoka nayo.

Mleta mada

Dada sikupingi hata neno moja, ila kuna watu tayari wana kibali mkononi na wanauliza wanunue ipi, hao ndio ninaowajibu.

Mkulima Liwale

Jamani huku kwetu tembo wanamaliza mahindi, hiyo milimita tisa inasaidia?

Mstaafu wa Mikindani

Haisaidii hata kidogo mwanangu, utamkasirisha tu. Piga ngoma, madebe, washeni moto wa pilipili, na muwaite watu wa wanyamapori. Hata gobole usimjaribie.

Kangomba Mstaafu

Nauliza la mwisho, sio utani. Baba yetu mdogo amefariki kule Nachingwea, Mungu amrehemu, kaacha bastola yake ya leseni, Makarov, imeandikwa 9 mm. Jamaa mmoja anamwambia mtoto wake anunue risasi za 9x19 azitumie kwa sababu zote ni tisa. Ni sawa?

Mstaafu wa Mikindani

Sio sawa! Makarov ni 9x18. Ganda lake ni fupi kwa milimita moja na kichwa cha risasi ni kinene kidogo, na ile ya 9x19 ina presha kubwa kuliko Makarov inavyobeba, maana nayo haina kufungana, ni uzito wa slaidi tu kama ile Hi-Point niliyowaeleza. Zisichanganywe.

Halafu mwambie huyo mtoto kabla ya kuwaza risasi, leseni ya marehemu hairithiwi. Asiiguse asiisafishe asijipige nayo picha. Atoe taarifa kituoni ikakabidhiwe polisi, yeye na mtu mzima wa ukoo, wachukue kitabu cha leseni ya marehemu na cheti cha kifo, na wadai hati ya makabidhiano. Akiitaka aombe kwa jina lake mwanzo mpaka mwisho kama alivyoeleza dada wa Newala. Kesho asubuhi, wasisubiri arobaini.

Kangomba Mstaafu

Nampigia sasa hivi mzee.