Kuwinda kulungu kwenye baridi kali: kizibao cha betri, soksi za umeme, vipakiti vya joto au jiko la gesi?

Mnyalukolo_MN

Wakuu, heshima kwenu.

Niko kaskazini mwa Minnesota. Kwetu ni Iringa, kwa hiyo baridi ya alfajiri naijua, ila kukaa juu ya dungu la mtini tangu giza bila kujitikisa ni habari nyingine kabisa. Msimu wa bunduki za kawaida unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba, na mwaka huu nimechukua na leseni ya gobore, ambayo inaanza mwisho wa Novemba na kwenda hadi katikati ya Desemba. Kipindi hicho alfajiri ya nyuzi 15 chini ya sifuri haimshangazi mtu huku.

Sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo lazima uwe umeshapanda mapema. Kulungu wanaendelea kupita mpaka saa nne, saa tano asubuhi. Ukishuka saa tatu kwa sababu vidole vimekufa ganzi, asubuhi yako imeishia hapo.

Nina dola 200, nikijibana sana 250. Nilivyoviona madukani ni kizibao chenye betri, soksi za umeme, soli za kupasha miguu, vile vipakiti vya kutikisa, na jiko dogo la gesi ya propani. Siwezi kununua vyote. Wenye uzoefu, mngeanza na kipi? Na kuna kipi cha kuacha kabisa?

Nawasilisha.

BabaZawadi

Karibu sana mkuu, mimi niko Duluth. Anza na kizibao. Ila kabla hujatoa hata senti, tuongelee jasho, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza vita kabla hawajafika mtini.

Unatembea robo saa kwenye theluji ukiwa na bunduki, begi na koti zito. Unafika umelowa mgongoni. Ukishakaa, ule unyevu unakunyonya joto asubuhi nzima, na hakuna betri itakayoshinda hapo. Tembea na nguo ya ndani ya sufu ya merino na sweta jepesi, hata kama dakika za kwanza utasikia baridi. Koti kubwa lifunge juu ya begi. Ukifika, subiri upoe kidogo, ndipo uvae kizibao na koti juu yake. Pamba usiiguse, na jinzi ibaki nyumbani.

Kizibao chenyewe kivaliwe karibu na mwili, juu ya nguo nyembamba ya ndani. Naona watu wanakivaa nje ya kila kitu, joto lote linaenda kwa miti. Koti juu yake ni kama mfuniko wa sufuria: bila hilo unachochea moto bure. Na hapa Minnesota, msimu wa bunduki, kofia na vazi la nje kuanzia kiunoni kwenda juu lazima liwe la rangi ya chungwa kali au waridi kali. Kizibao cheusi hakiwezi kuwa vazi la nje hata ungetaka.

Angalia pia vitu ambavyo muuzaji hatakuambia. Kitufe cha kifuani kinawaka taa nyekundu, na gizani inaonekana mbali, kwa hiyo tafuta chenye taa inayozimika au kifunike na koti. Halafu kisugue kitambaa kwa kiganja pale pale dukani. Kikilia kwarakwara, kirudishe kwenye henga. Kulungu akiwa mita 20 kutoka kwenye mti wako, kugeuka tu kutamfukuza.

Papa_Bahati_Maine

Ndugu zangu, mimi natoka Bukavu, sasa niko Maine, na kwenye hili sikubaliani na Baba Zawadi. Kwa mtu wa kukaa tu, mimi nachagua ile suti ya gunia, unayoingia mzima mzima mpaka mabegani na miguu ikiwa ndani, kama ya kulalia lakini ya kukalia. Haina betri wala waya. Unaibeba mgongoni, unaivaa ukifika. Mnyama akitokea unashusha zipu, mabega yanatoka, unapiga. Joto lako mwenyewe ndilo linalokulinda, na haliishi saa nne.

Ubaya wake siufichi: ni kubwa kubeba na bei yake inapita bajeti yako. Na kuna jambo la uhai hapa. Mkanda wa usalama uwe umefungwa mwilini na kamba yake itoke vizuri nyuma ya suti hadi kwenye mti. Hakikisha ukiwa chini, mchana, kabla hujaipeleka juu. Miguu ikiwa ndani ya gunia, ukiteleza huna cha kujishikia.

Kuhusu zile pasha-mikono za chuma za kujaza mafuta, kama za Zippo: zinatoa joto zuri, na huchoma mvuke wa mafuta taratibu juu ya kichocheo cha platinamu bila mwali. Lakini zina harufu. Kulungu anaamini pua kuliko macho. Kwenye uvuvi wa barafu, sawa, beba. Mtini mimi sizipandishi.

FundiUmeme_Edmonton

Wazee, niwape hesabu, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi yanapotosha. "Hadi saa 10" maana yake ni saa 10 kwenye joto la chini kabisa.

Chukua betri ya volti 7.4 yenye amp-saa 5.2. Zidisha, unapata wati-saa 38 hivi, yaani nishati yote iliyomo. Kizibao kikila wati 12 kwenye joto la juu, una saa tatu na kidogo. Kikila wati 4 kwenye joto la chini, una saa tisa na nusu. Baridi nayo inapunguza nguvu ya betri ya lithiamu, kwa hiyo mfuko wa betri uwe upande wa ndani, unaogusa mwili. Ukiiacha nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri utaona mistari ya chaji ikianguka ungali na nguvu kibao ndani.

Kwa hiyo usisubiri utetemeke ndiyo uwashe juu. Washa chini mapema, mwili ukiwa bado na joto lake, na joto la juu lipige dakika kumi tu pale upepo unapokuja.

Kuna aina tatu za betri. Ya kwanza ni ile ya kampuni ya kizibao chenyewe, ni nyembamba na inakaa vizuri, ila ya akiba ni ghali. Ya pili ni pawabenki ya kawaida ya USB, rahisi kuipata na inachaji na simu, lakini vizibao vingi vya volti 5 joto lake si kubwa. Ya tatu ni betri za zana. Milwaukee, Bosch, DeWalt na Makita wote wanatengeneza mavazi ya joto yanayotumia betri za drili zao. Kama tayari una drili, umeokoa pesa nyingi. Kasoro yake ni unene: ile betri inakaa kiunoni, na ukiegemea mti na mkanda wa usalama juu yake itakuchimba asubuhi nzima. Jaribu kukaa nayo kwenye kiti kigumu nyumbani kwanza.

Mnyalukolo_MN

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Drili ninayo, lakini hilo la kuchimbwa kiunoni nimelisikia. Je, miguu? Kwangu ndiyo inayoanza kufa. Soksi za umeme zinafaa?

BabaZawadi

Soksi nyingi betri yake inakaa juu kwenye kigimbi cha mguu, pale pale shingo ya buti inapobana. Baada ya saa mbili unahisi kitu kinakukaba mguu. Betri zenyewe ni ndogo, na waya unapita kwenye kifundo cha mguu, mahali panapokunjwa kila hatua. Soli za umeme zina nafuu kidogo ila zinachukua nafasi ndani ya kiatu, na kiatu kikibana damu haipiti. Mguu wenye soksi mbili nene ndani ya buti linalobana unaganda kuliko mguu wenye soksi moja ndani ya buti lenye nafasi. Vidole lazima vicheze.

Sasa sikiliza kitu cha bure. Sakafu ya dungu ni wavu wa chuma, na chuma kinanyonya joto la soli usiku na mchana. Kata kipande cha zulia kuukuu au godoro la mazoezi, kifunge pale unapoweka miguu. Kinaziba baridi ya chini na kinaua kelele za buti. Mimi zulia naliweka kabla ya kufikiria kifaa chochote cha umeme.

Nyamizi_Norrland

Mimi nachangia kutoka Uswidi. Huku winda letu la Januari ni la ndege wakubwa wanaotua vileleni mwa miti, na tunawafuata kwa skii. Mtu anayetembea hivyo hahitaji kizibao cha umeme, atachemka nacho. Namna ya kuwinda ndiyo iamue ununuzi: wa kukaa anunue joto, wa kutembea anunue nguo zinazopumua.

Kitu kimoja tunafanana: mikono. Glavu nene huwezi kuingiza kidole kwenye triga. Nguvu yangu ni kile kifuko cha mikono kinachofungwa kiunoni, chenye uwazi pande mbili, ndani nimeweka vipakiti viwili. Mikono inakaa humo na glavu nyembamba tu, na ikitoka inakuwa tayari kwa kazi.

Muuguzi_Iowa

Nimefurahi vipakiti vimetajwa, kaka usividharau. Ndani ni unga wa chuma, chumvi, mkaa na unyevu. Ukifungua, hewa inaingia na chuma kinapata kutu haraka, hilo ndilo joto lenyewe. Vya mikono huandikwa hadi saa 10, vya vidole vya miguu hadi 8. Vya mikono ukivisokomeza ndani ya buti vinakosa hewa na kupoa, ndiyo maana vya vidole vya miguu vinatengenezwa tofauti. Ukitaka kukisimamisha, kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa, kesho kitaendelea. Bei ni kama dola moja kwa jozi, kwa hiyo hata ukinunua kizibao, beba jozi kadhaa kwa siku betri itakapogoma.

Lakini visiguse ngozi moja kwa moja, viweke juu ya soksi. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni asivitumie ndani ya buti kabisa, wala soli za umeme, kwa sababu ataungua bila kujua.

Jiko la gesi naomba tulisemee kwa uzito. Yale madogo ya Mr. Heater yana kihisi kinachozima jiko oksijeni ikipungua, na ni kitu kizuri, lakini kihisi si ruhusa ya kuziba kibanda cha kuwindia. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, toka nje mara moja. Madirisha mawili yawe wazi muda wote. Juu ya dungu la mtini jiko lisipande, sina mjadala hapo.

Na muwe mnaangaliana. Mtu akianza kushindwa kufunga zipu, maneno yakawa mazito, huyo joto la mwili limeshuka. Akiacha kutetemeka huku bado yuko kwenye baridi, hali imezidi, mpelekeni penye joto na muite msaada. Pombe ya "kupasha mwili" inapeleka damu kwenye ngozi na joto linapotea haraka zaidi, tena mkononi una bunduki.

Mnyalukolo_MN

Dada, nimekuelewa, jiko nimelifuta. Naelekea kwenye kizibao cha betri yake yenyewe, kipande cha zulia, na boksi la vipakiti. Mdogo wangu anakuja kwa ndege kutoka Texas, kule ameona kizibao kwa bei nzuri. Naweza kumwagiza?

FundiUmeme_Edmonton

Mwagize. Betri aichomoe, aiweke kwenye begi la mkononi, si la kupeleka chini, na vichwa vyake vya chuma avizibe kwa tepu. Chini ya wati-saa 100 haina shida, na hiyo ni 38. Ikifika ikiwa ya baridi usiichaji hapo hapo, iache ndani ya nyumba ipate joto la chumba. Lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri inaharibika ndani. Na mwambie achukue saizi ya kubana kidogo mwilini. Koti la chungwa la juu ndilo uchukue kubwa.