Msaada wakuu: kuta na dari za nyumba ya zamani Mikindani zinamenyeka, nitumie puti gani kabla ya rangi?

MjukuuWaBaraza
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba ya zamani pale Mikindani, ya mawe ya matumbawe, kuta nene, ghorofa moja. Ametuachia babu mzaa mama. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, na ukumbi wa chini ndio watakaa akina mama. Tatizo ni kwamba rangi inabanduka kama magamba ya changu, chini yake unakuta unga mweupe wa chumvi. Dari nayo ina nyufa kama ramani, na kipande cha ukubwa wa sinia kimeshadondoka. Swali langu ni moja tu: puti gani nzuri ya kuziba? Na rangi nipige ya maji au ya mafuta? Wenye uzoefu tafadhali, matani pembeni.

Siti_ya_Mbele
Ukishasema matani pembeni ndiyo umeyaita. Nimekaa na korosho zangu za kubangua, endeleeni.

MamaKorosho
Hongera kwa harusi mwanangu. Mimi nilipomwoza binti yangu kule Nanyamba, malipo ya korosho yalichelewa hadi tukakosa hela ya rangi. Tulitundika kanga ukuta mzima, doti kwa doti, na mpaka leo watu wanaisifia ile nyumba. Hizo kanga nyingine sikurudishiwa, na ninawajua waliozichukua. Kwa hiyo usihangaike na puti, hangaika na wali.

FundiMwiko
Mkuu, kabla ya puti nijibu maswali. Plasta iliyopo ni ya chokaa au ya saruji? Chumvi inatoka usawa gani wa ukuta? Na juu ya hiyo dari kuna nini?

MjukuuWaBaraza
Fundi asante. Plasta ni ile ile ya kizamani. Chumvi inatoka sana kuanzia kiunoni kwenda juu. Juu ya dari kuna chumba cha ghorofani, hakitumiki.

KalamuNyeusi
Nyie watu wa nyumba za urithi mna matatizo. Uza, kajenge Mtwara mjini, matofali ya saruji, bati la rangi, maisha yaendelee. Boma la Mjerumani hapo Mikindani limesimama tangu 1895 kwa sababu kuna watu wanaliingizia pesa kila siku. Wewe utaweza?

FundiMwiko
Mjukuu, "kuanzia kiunoni kwenda juu" imenishtua. Unyevu wa ardhini kwa kawaida unaanza chini, unapanda, unaishia kiunoni au kifuani. Ukiona chini pakavu na juu panalia, maana yake kuna kitu kimeuziba ukuta chini, maji yakatafuta njia ya kutokea juu yake. Sema ukweli, chini kumepigwa saruji?

MjukuuWaBaraza
Ni kweli mwaka juzi tulipiga saruji chini, mita moja hivi kuzunguka ukumbi. Lakini nilisimamia mwenyewe na kazi ilikuwa nzuri, haijapasuka hata kidogo. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, bei nafuu, kila mtu anatumia. Sioni kosa langu.

FundiMwiko
Kutopasuka ndiko kosa lenyewe mkuu. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji na kuyatoa, kila siku. Chokaa inayaachia yapite, saruji inayafungia ndani. Yakipata upenyo juu yanakauka pale, na ile chumvi iliyokuja nayo inabaki kwenye vitundu vya plasta, inajikusanya, inaisukuma mpaka inageuka unga. Rangi ya mafuta ni kuuziba tena kwa mara ya pili. Na puti ya dukani ukiipaka juu ya chumvi itashika wiki tatu, yaani mpaka siku ya harusi hasa.

Siti_ya_Mbele
Kwa hiyo itamdondokea bibi harusi. Korosho zimeisha, nachukua karanga.

KilwaNimetoka
Fundi yuko sahihi. Nikiwa kijana nilibeba mawe kwenye kazi za ukarabati Kilwa Kisiwani, ule mji uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 1981, baadaye 2004 ukaitwa urithi ulio hatarini mpaka ulipotolewa 2014. Sikujua kusoma hata mchoro, nilijua kubeba. Lakini mzee aliyekuwa anatusimamia alikuwa mkali kuhusu chokaa kuliko baba yangu kuhusu swala. Matumbawe yanachomwa kwenye tanu mpaka yanakuwa mepesi mkononi. Halafu unayatia kwenye maji, siyo maji kuyamwagia, maana yanachemka na kuruka. Mwenzetu mmoja yalimwingia jichoni, tukakimbia naye mpaka kwenye mtumbwi. Yakishatulia yanafunikwa kwenye shimo, wiki kwa wiki, yawe laini kama siagi. Tulikuwa tukila muhogo na dagaa, jioni tunacheza bao chini ya mbuyu. Nimekumbuka mbali sana leo.

MhasibuWaMtaa
Hakuna mtu ana wiki za kulaza chokaa, harusi ni mwezi ujao. Tuzungumze bajeti. Mleta uzi una shilingi ngapi?

MjukuuWaBaraza
Bajeti ipo, na niseme tu nimeshatoa malipo ya awali kwa fundi wa jipsamu. Atashusha silingi nzuri yenye taa chini ya dari ya zamani, nyufa hazitaonekana tena. Kwa hiyo dari nimeshaimaliza, mimi nauliza ukuta.

FundiMwiko
Hujaimaliza, umeifunika. Dari za nyumba hizo ni boriti za mikoko zilizopangwa, juu yake mawe mepesi, juu ya mawe zege la chokaa na sakafu. Mzigo wake ni wa tani kadhaa. Ikiwa kimeanguka kipande cha sinia, unatakiwa ujue kimeanguka kwa nini. Chukua mpini wa nyundo, gonga taratibu. Panapolia kama ngoma plasta imeachana na mawe, panapolia kama jiwe bado imeshika. Kisha chukua bisibisi uchome vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye papai, simama hapo hapo. Na bado hujanijibu vizuri: huko juu kuna nini?

MjukuuWaBaraza
Nimesema chumba hakitumiki.

BiDadaShangani
Kaka, hakitumiki na watu, au hakitumiki kabisa? Maana mimi stoo yangu "haitumiki" na imejaa.

MjukuuWaBaraza
Sawa. Kuna tanki la maji. Maji ya bomba huku yanakuja kwa zamu, na paa la kile chumba lilishaondoka, tukaona ni pahala pazuri, maji yanashuka yenyewe bila pampu. Lita 2000. Fundi bomba alisema boriti za mikoko zinabeba hata jahazi. Na limekaa mwaka wa pili sasa bila shida.

FundiMwiko
Ya Rabi.

Siti_ya_Mbele
Natoka kwenye siti ya mbele, nahamia mlangoni.

MhasibuWaMtaa
Lita moja kilo moja. Lita 2000 ni tani mbili, bila kuhesabu tanki lenyewe. Ni gari dogo na abiria wake, limeegeshwa juu ya vichwa vya akina mama wanaoimba. Na chumba hakina paa, kwa hiyo na mvua ya masika yote inaingia. Huo si ufa wa rangi bwana.

MjukuuWaBaraza
Mnatia chumvi. Nyumba imesimama zaidi ya miaka mia. Babu aliweka magunia ya ufuta huko juu na haikuwahi kupasuka. Nilichouliza ni puti.

KilwaNimetoka
Babu yako aliweka ufuta mkavu, na paa lilikuwepo. Mti wa mkoko ukikaa mkavu unazeeka na wewe. Ukilowa na kukauka, kulowa na kukauka, kichwa chake kilicho ndani ya ukuta kinaoza kimya kimya huku katikati unaona mzima. Tanki halivuji hata tone?

MjukuuWaBaraza
Linatoa jasho kidogo kwenye kiungio. Naweka kopo.

KalamuNyeusi
Wakuu, mimi naona hii ni CHAI. Jamaa kila akibanwa anaongeza kitu: kwanza puti, mara saruji, mara tanki, sasa kopo. Kesho atasema kuna boti. Weka picha.

MjukuuWaBaraza
[picha: dari yenye boriti, plasta imeanguka katikati]
Haya, picha hiyo. Mmeridhika?

MzawaMikindani
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nimezaliwa Mikindani na ninakaa Mikindani. Nyumba za ghorofa za mawe hapa hazinipotei, nyingine ni magofu, nyingine nimecheza ndani yake utotoni. Hiyo dari si ya hapa. Hiyo picha ni ya Unguja, Mji Mkongwe, imezunguka mitandaoni miaka. Kijana unatuchezea akili.

KalamuNyeusi
Nilisema! Chai ya rangi, tena ya tangawizi. Fundi wa watu anaandika aya kumi bure.

FundiMwiko
Hata kama ni chai, kuna mwingine ana nyumba ya hivyo kweli anasoma hapa. Sijapoteza kitu.

MjukuuWaBaraza
Naomba radhi. Picha niliitoa mtandaoni, ni mfano tu. Sikutaka kuweka ya kwetu kwa sababu kuna watu wa familia humu na hawajui habari ya tanki. Wanajua nilikuwa natumiwa hela ya paa. Hii hapa ni ya kweli, nimepiga sasa hivi kwa tochi.
[picha: ukuta wenye vidaka vya kuwekea taa, bakuli la kaure lililopasuka nusu limepachikwa juu ya mlango]

MzawaMikindani
Subiri. Hilo bakuli la buluu. Bibi mwenye nyumba hiyo alikuwa akikaanga vitumbua barazani asubuhi, sivyo? Na mlango wa uani ulikuwa na komeo la mti?

MjukuuWaBaraza
Ndiyo, komeo lipo mpaka leo. Nani mwenzangu?

MzawaMikindani
Mimi ni mtu wa kukuita mwanangu bila kukosea. Mama yako jana tumekaa naye msibani, ananiambia paa limeshapigwa bati. Bati!

Siti_ya_Mbele
Narudi siti ya mbele mbio.

MjukuuWaBaraza
Mama mkubwa shikamoo. Tafadhali tuongee pembeni.

MzawaMikindani
Marahaba. Pembeni tutaongea, lakini hapa kwanza umsikilize huyo fundi, nami nasoma.

FundiMwiko
Sawa. Leo: toa maji yote kwenye tanki, watu wasikae ukumbini. Kesho: mirunda na ubao chini ya boriti, uikaze kwa kabari, usiigonge kwa nguvu. Silingi ya jipsamu mwambie fundi asubiri. Akikataa kurudisha hela muulize kama mkewe atakaa chini yake. Boriti iliyooza inabadilishwa, ila mikoko haikatwi bila kibali cha misitu, usinunue ya usiku.

Ukuta: bandua ile saruji kwa patasi, polepole, maana itang'oka na mawe. Chumvi ipige brashi kavu, ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Acha ukuta upumue muda mrefu kadiri unavyoweza. Plasta mpya: chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mtoni uliochekechwa, wa ufukweni una chumvi. Kama huna chokaa ya shimo, ya mifuko inafaa, iloweke usiku kucha. Lowesha ukuta, piga tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, lifunike kwa magunia mabichi lisikauke haraka na jua, kisha tabaka jingine. Mwishoni paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara tatu nne, badala ya rangi. Haitaisha kabla ya harusi. Harusi ihamie uani.

MamaKorosho
Uani ndiyo kuzuri. Kanga ninazo, nitakuazima, lakini safari hii naandika majina.

MjukuuWaBaraza
Uani kuna banda la mbuzi wakuu. Ila sawa. Tanki nimeshalifungulia, maji yanatoka tangu nilipoanza kusoma posti ya fundi. Litakuwa tupu mpaka alfajiri.

FundiMwiko
Vizuri sana. Yanatokea wapi?

MjukuuWaBaraza
Kuna tobo pembeni ya sakafu ya juu. Yanashuka na ukuta taratibu tu.

FundiMwiko
FUNGA. Tafuta mpira, yapeleke mtaroni.

MzawaMikindani
Navaa kandambili, nakuja.