Yzerman na Red Wings: miaka 6 ya "kujenga upya", nafasi ya mishahara imeliwa na mikataba ya watu wa kati

Wakuu, nimechoka kusoma "mwacheni Stevie, ana mpango wake". Mpango upi? Steve Yzerman alikabidhiwa umeneja mkuu wa Detroit Red Wings, timu ya hoki ya barafu ya ligi ya NHL, Aprili 2019. Misimu 6 ikakatika, hadi 2024-25, na mtoano hakuugusa. Ongeza mitatu ya mwisho ya Ken Holland, meneja kabla yake, inakuwa misimu 9 mitupu kwa klabu iliyocheza mtoano miaka 25 bila kukosa, hadi 2016.

Kabla hamjanirukia: simzungumzii Yzerman mchezaji. Nahodha, makombe 1997, 1998 na 2002, hilo halina mjadala. Wala sina ugomvi naye kwenye bahati nasibu ya drafti, yaani kura ya kupanga timu ipi ianze kuchagua chipukizi. 2019-20 Detroit walimaliza na pointi 39 kwa mechi 71, aliyefuata juu yao ana 62, halafu mipira ya kura ikawashusha hadi nafasi ya 4 ya kuchagua. Ni mkosi. Tangu 2019 hadi 2025, chaguo lake la kwanza la kila mwaka limekuwa 6, 4, 6, 8, 9, 15, 13. Na bado kawapata Seider, Raymond na Edvinsson. Hapo namvulia kofia.

Shida yangu ni pesa. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watetezi wake huwa wanaruka.

NHL ina kikomo kigumu cha mishahara. Si kama NBA unazidisha kisha unalipa kodi. Korona ilipoingia kikomo kiligandishwa kwenye dola milioni 81.5 kwa misimu 3, kikapanda kiduchu hadi 82.5, kisha 83.5 msimu wa 2023-24. Timu zilizokuwa zinawania kombe zilibanwa hadi kooni. Aliyekuwa na nafasi tupu kwenye hesabu zake alikuwa sawa na mwenye ghala mjini wakati meli zimejipanga bandarini: anapanga bei atakavyo. Unapokea mkataba mbovu wa mwenzako, juu yake anakuwekea chaguo la drafti. Au unambebea sehemu ya mshahara wa mchezaji, kanuni inaruhusu hadi 50%, na wachezaji watatu kwa wakati mmoja.

Msiniambie Yzerman hakuijua njia hiyo. Septemba 2020 alimchukua Marc Staal kutoka Rangers na kupewa chaguo la raundi ya 2 kama asante. Aprili 2021 alibeba sehemu ya mshahara wa David Savard akiwa anatoka Columbus kwenda Tampa Bay, akalipwa raundi ya 4. Safi kabisa. Sasa Julai 2022, soko likiwa limebana kuliko wakati wowote, anafanya nini? Andrew Copp, miaka 5, milioni 5.625 kila mwaka. Ben Chiarot, umri 31, miaka 4, milioni 4.75 kila mwaka. Mwaka uliofuata J.T. Compher miaka 5 kwa 5.1 na Justin Holl, naye 31, miaka 3 kwa 3.4. Copp na Compher peke yao ni milioni 10.725 kwa masenta (washambuliaji wa kati) wawili ambao kwenye timu yenye nia ya kombe wangecheza safu ya tatu.

Mfuatilieni huyo Chiarot. Machi 2022 alikuwa Montreal, mkataba unaisha. Kent Hughes, meneja mkuu wa Montreal aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, akampeleka Florida, akapewa chaguo la raundi ya kwanza ya 2023, la raundi ya 4 na chipukizi mmoja. Ile raundi ya kwanza ikaja kuwa namba 31, ikaenda Colorado pamoja na namba 37, akarudi mshambuliaji Alex Newhook. Miezi minne baada ya Hughes kumuuza, Detroit wakamchukua mtu huyohuyo sokoni kwa miaka 4. Mmoja alikuwa anauza gari lenye kilomita nyingi, mwingine akalinunua kwa bei ya shoo-rumu.

Agosti mwaka huohuo Calgary walihitaji nafasi ya kumsajili Nazem Kadri. Wakampa Montreal Sean Monahan mwenye mshahara wa 6.375, umebaki mwaka mmoja, NA chaguo la raundi ya kwanza juu yake. Montreal hawakutoa kitu. Mwaka uliofuata wakamwongezea mkataba wa mwaka mmoja kwa 1.985, Februari 2024 wakampeleka Winnipeg wakapata raundi ya kwanza nyingine. Raundi ya kwanza mbili kutoka kwa mtu waliyelipwa kumpokea! Detroit walikuwa na nafasi ya kufanya dili hilohilo, ila mwezi mmoja kabla walishaijaza na kina Copp. (Ndiyo, Montreal walipata pia namba 1 ya 2022, najua. Bahati wanayo. Lakini 2025 wameingia mtoano.)

Kipa Sebastian Cossa nitampitia haraka. 2021 Yzerman aliwapa Dallas namba 23, 48 na 138 ili apande hadi 15 kumchukua yeye. Kwa namba 23 Dallas wakamchukua Wyatt Johnston: mabao 24, kisha 32, kisha 33 katika misimu yake 3 ya kwanza. Senta huyo. Kipa wetu, hadi 2024-25 inaisha, alikuwa na mechi moja ya NHL. Makipa huchelewa kuiva, sawa, lakini hiyo ndiyo sababu hupandi raundi ya kwanza kwa ajili yao.

Halafu Jake Walman. Hili bado linanichoma. Juni 2024, beki mwenye mabao 12 msimu wa 2023-24, mshahara milioni 3.4, miaka miwili imebaki. Yzerman akawapa San Jose beki huyo PAMOJA na raundi ya 2, akarudishiwa "fikira za baadaye", yaani hewa. San Jose wakakaa naye miezi minane hivi, Machi 2025 wakamuuza Edmonton kwa raundi ya kwanza. Akacheza hadi fainali. Sisi msimu huo wa 2024-25, tukicheza pungufu kwa sababu ya adhabu, tulizuia 70.1% tu, wa mwisho ligi nzima, na kocha Lalonde akafukuzwa siku moja baada ya Krismasi.

Haya ndiyo matunda ya kukaa katikati. 2023-24 pointi 91, sawa na Washington, tukatolewa kwa idadi ya ushindi wa ndani ya dakika 60. Hukuingia mtoano na hukupata chaguo la juu.

Na dirisha lenyewe limefungwa. Kikomo kimeruka kutoka 88 hadi 95.5 msimu wa 2025-26, na 104 imeshatangazwa kwa 2026-27. Kila timu ina nafasi sasa. Hakuna anayekodi ghala tena.

NYONGEZA: Mnaonijibu kwamba chipukizi wanahitaji wakongwe wa kuwalea, sijakataa. Gostisbehere alisajiliwa mwaka mmoja kwa 4.125, Määttä mwaka mmoja. Huo ndio mkataba wa mkongwe kwenye timu inayojengwa: asipofaa anaondoka Julai, akifaa unamuuza Machi. Wa miaka 5 hauuziki, na unamkalia kijana kichwani. Chipukizi Kasper alifunga 19 msimu wa 2024-25, mengi baada ya McLellan, kocha aliyemrithi Lalonde, kumpandisha safu za juu.

Aliyeuliza "sasa wewe ungefanyaje leo": mkataba wa Copp unafika 2027, wa Compher 2028. Nitajieni timu moja itakayowachukua bila kudai chaguo la drafti juu yao.