Kameramani mwenye folda ya "MPYA MPYA MWISHO 2", uzi huu ni wako

Mkesha wa Kurenda (mwanzisha uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kutukanwa sasa hivi, mikono inatetemeka, makosa ya uandishi mnivumilie.

Mnamjua, simtaji. Yule yule wa gimbo (mkono wa kutuliza kamera) ya kuazima, ambaye hakuna ukumbi kuanzia Sinza mpaka Mbagala hajakanyaga waya wa MC. Kaniletea harusi ya Jumamosi kwenye fleshi. Nafungua: klipu 1,312, zote ndani ya folda moja. Kamera tatu na droni zimemwagwa pamoja kama dagaa juu ya turubai! Sony mbili, zote zinaanza na C0001, kwa hiyo kuna C0001 na C0001 (2), ipi imetoka kamera ipi anajua Mungu. Saa ya kamera moja hajawahi kuiweka tangu ainunue. Kwa kamera hiyo keki ililiwa Januari 2018, maharusi wenyewe hawajajuana bado.

Natafuta pete. Saa nne nzima sioni pete. Nampigia, hapokei. Namwandikia kwa adabu, "Kaka, klipu ya pete iko wapi?" Ananirudishia sauti. Wakuu, ANATAFUNA. Nasikia mfupa wa kuku unavunjika, halafu anasema: "Sasa wewe si edita? Kazi ya edita si kutafuta?" Kisha anacheka, anavuta soda.

Nikamwambia basi lete kadi zenyewe za kamera. Kashazifomati, yaani kafuta kila kitu, Jumapili alikuwa na kipaimara.

Pete nimeikuta saa tisa usiku ndani ya kafolda kanaitwa TAKATAKA, jirani na klipu ya dakika 11 ya kiatu chake. "Kazi ya edita si kutafuta." Huku anatafuna!

Binti Tabata:
Siti ya mbele, nimekuja na karanga.

Mwarobaini:
Chai hii. Klipu 1,312 zinaenea kwenye fleshi gani?

Mkesha wa Kurenda:
Fleshi ya GB 256 mkuu. Uliza vizuri.

Mwarobaini:
Kwa hiyo mwenye fleshi ya GB 256 ndiye anakula kuku, wewe mwenye akili unakesha. Nimeelewa.

Fundi wa Sauti:
Ila na wewe mwanzisha uzi una kosa, ungemfundisha kabla. Asubuhi saa za kamera zote ziwekwe sawa. Mtu agonganishe viganja mara moja kwa nguvu mbele ya kamera zote, baadaye unaoanisha kwa sauti. Mkirudi, folda ya tarehe, ndani yake KAM A, KAM B, DRONI, SAUTI. Kadi inakopiwa nzima nzima pamoja na vile vifaili vidogo vya maelezo ya klipu (XML), msichague klipu, maana ndipo zinapopotea. Kopi sehemu mbili, fungua klipu kadhaa uhakikishe zinacheza, ndipo ufomati.

Mkesha wa Kurenda:
Unaniambia mimi? Nilimwandikia hayo yote kwenye karatasi! Kaifungia chapati, nimeiona kwa macho yangu kwenye klipu namba 803.

Binti Tabata:
Kuku wa kuchoma au wa kukaanga?

Mkesha wa Kurenda:
Mnauliza nini nyie?? Mfupa ulilia KAP.

Binti Tabata:
Basi wa kukaanga.

Bi Harusi wa 2021:
Samahani, nyie maedita msijifanye malaika. Mimi niliolewa 2021, video sijaiona mpaka leo. Kila nikipiga naambiwa "inarenda dada", eti kompyuta bado inaitoa video. Mtoto ameanza chekechea, inarenda tu.

Mwarobaini:
Mkesha wa KURENDA, ni wewe?

Mkesha wa Kurenda:
Dada njoo inboksi tuongee.

Mwarobaini:
😂😂😂 Mods fungeni uzi, mtuhumiwa kapatikana.

Bi Harusi wa 2021:
Siji inboksi. Sema hapa hapa, ile hard disk yenye video yangu ilianguka au haikuanguka?

Mkesha wa Kurenda:
Ilikuwa na kopi moja tu, dada. Na aliyepiga picha ni huyu huyu ninayemsema! Mnaona sasa?

Sitaki Ndoa:
Tuliwaambia. Usingeoa ungehangaika na pete ya nani?

Mwanakamati Mstaafu:
Kamera mnazionea. Wanaoharibu video ni mashangazi wenye tableti, wanasimama katikati ya ukumbi wakati wa keki, ukiwagusa bega wanakuuliza unajua mimi ni nani kwa bibi harusi. Na kamati zenyewe! Juzi nimechangia laki na nusu, kadi ya dabo, nimefika na mke wangu meza iko nyuma ya spika, pilau imeisha, soda moja tugawane.

Binti Tabata:
Laki na nusu mkapewa soda?? Kwetu kwa singo tu unapata na maji.

Mwanakamati Mstaafu:
Soda yenyewe ya moto.

Mkesha wa Kurenda:
Wakuu turudi kwenye mada. Alikuwa ANATAFUNA.

Sitaki Ndoa:
Mkuu sogea kidogo, mwanakamati, hiyo kamati mwekahazina alikuwa nani? Nahisi namjua.